Umeanza Jimu? Hizi Ndizo Kilo za Misuli Unaweza Kuongeza kwa Mwaka

Uko wiki ya tatu ya kubeba vyuma, kila asubuhi unajicheki kwa kioo, na tishati bado inakukaa vile tu. Tulia, msee. Misuli haikui kwa spidi ya Instagram. Ratiba ya ukweli ni hii.

Wiki 6 za kwanza: Utabeba uzito zaidi haraka, lakini mwili hautabadilika sana. Nguvu hiyo inatoka kwa neva, juu ubongo unajifunza kutumia misuli uko nayo tayari.

Miezi 2 hadi 3: Hapa ndio mabadiliko huanza kuonekana, kama hujakuwa ukihepa mazoezi.

Mwaka wa kwanza: Jamaa anayeanza, akila na kulala poa, anaweza kuongeza kama nusu kilo hadi kilo moja ya misuli kwa mwezi. Manzi ni karibu nusu ya hiyo, so ile stori eti vyuma vitamfanya akae kama baunsa ni porojo. Mwaka wa pili, spidi inashuka tena.

Msosi: Lenga karibu gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya uzito wako. Ukiwa na kilo 70, hiyo ni gramu 112 kwa siku. Yai moja lina kama gramu 6, glasi ya maziwa 8, na kikombe cha ndengu zilizoiva 14. Mayai 4, glasi 2 na vikombe 2 vya ndengu, uko 68 tayari. Zilizobaki tafuta kwa omena, nyama ama maharagwe.

Mazoezi: Gonga kila misuli mara 2 kwa wiki, ukiongeza uzito pole pole. Vyuma vya simiti vya jimu ya mtaa vinafanya kazi. Misuli haijui bei ya mashine.

Sindano: Ukiskia mtu anakuuzia kilo 10 za misuli kwa miezi 3, hiyo ni steroidi anakupangia. Zinazima homoni za kiume ambazo mwili wako hujitengenezea, korodani zinanywea, mbegu zinapungua na moyo unaumia. Wengine huacha na bado inachukua miezi mingi kurudi sawa.

Piga picha moja kila mwezi, andika uzito unaobeba, lala masaa 7 ama 8. Usijipime na msee amepiga chuma miaka 8. Jipime na picha ya mwezi uliopita.