Mifongo, Mitambo na Bodi: Usimamizi wa Mto Pangani

Mto Pangani, unaokusanya maji ya Kilimanjaro, Meru, Upare na Usambara na kuyamwaga katika Bahari ya Hindi, ulikuwa na wasimamizi wake muda mrefu kabla ya serikali kuutungia sheria. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro Wachaga walichimba mifongo, yaani mifereji ya kuchepusha maji ya vijito hadi mashambani, na kila mfongo ulikuwa na chama chake, ambacho kwa kawaida kiliongozwa na mtu wa ukoo uliouchimba. Siku ya kuzoa tope wanachama walifika na majembe, na asiyefika bila udhuru alitozwa faini au alinyimwa zamu. Usiku maji yalikingwa katika nduwa, ambayo Wapare huiita ndiva, yaani bwawa dogo la udongo lililofunguliwa asubuhi. Haki, kwa hiyo, ilipimwa kwa muda.

Dola ilikuja na kipimo kingine. Bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa katikati ya miaka ya 1960, na mitambo ya umeme ya Hale vilihitaji maji ya uhakika, na Sheria ya mwaka 1974 iliyaweka maji yote mikononi mwa Jamhuri, ikimtaka mtumiaji awe na kibali cha kiasi maalumu. Mfongo wa udongo, unaovuja na kubadilika kwa majira, haukubali kuhesabiwa kwa lita kwa sekunde, na chama chake hakikuwa na nafasi katika hesabu hiyo. Hilo lilikuwa kosa kubwa la sheria.

Ofisi ya Bonde la Pangani ilipoanzishwa mwaka 1991, ya kwanza kati ya mabonde tisa ya nchi, nchi za Nordiki zilikuwa zinafadhili kituo kipya cha umeme cha megawati 68 kwenye maporomoko ya Pangani, kwa hiyo wakulima wa juu walikuwa na sababu ya kuiona kama mlinzi wa mitambo. Ni Sheria ya mwaka 2009 iliyozipa jumuiya za watumia maji, zinazosuluhisha migogoro na kutunza vyanzo, nafasi ya kisheria chini ya bodi ya bonde. Bodi nayo haijitoshelezi: msitu wa Kilimanjaro umo ndani ya hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005, na marufuku ya shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni, iliyowekwa na Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004, haitekelezeki bila halmashauri za wilaya na serikali za vijiji.