Vitabu Vitatu vya Kumfaa Mtunga Hadithi

Vijana wapendao kutunga hadithi hutuuliza, Ni kitabu gani kitakachotufundisha? Twawajibu kwa habari za vitabu vitatu vya zamani.

Cha kwanza kilipigwa chapa London mwaka 1870. Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864, alikusanya ngano vinywani mwa watu wa huko, kama ile ya Sultani Darai, akaziandika kwa Kiswahili na Kiingereza. Humo twajifunza wepesi wa maneno ya mdomo: paa anena, mtu ajibu, na hadithi yaenda mbele.

Cha pili ni Mashimo ya Mfalme Sulemani, alichokifasiri Frederick Johnson mwaka 1929 katika kitabu cha Mwingereza Rider Haggard. Chatufundisha kukishika kisa kirefu, safari moja tangu mwanzo hata mwisho. Lakini humo Mwafrika aonekana kwa macho ya mgeni.

Ndiyo sababu twahitaji cha tatu, Uhuru wa Watumwa, cha mwaka 1934. James Mbotela, mwana wa mtumwa aliyekombolewa, alieleza habari za watumwa waliopewa makao Freretown, Mombasa. Wako wamlaumuo kwa kuwasifu mno Waingereza, wala hatuwakatalii. Hata hivyo kitabu chake chaonyesha ya kuwa mambo yasimuliwayo nyumbani yatosha kuwa kitabu.

Basi, ndugu, kama wazee wenu wangali hai, kabla ya kutafuta kitabu cha nne, nendeni kwanza mkawasikilize.