Merekani na Sandarusi: Mnunuzi wa Uzaramo na Mfumaji wa Salem

Nchi ya Uzaramo iliyo nyuma ya Dar es Salaam, ambayo leo imo katika wilaya za Kisarawe na Kibaha, ilijulikana katika karne ya 19 kwa kitu kilichotoka ardhini: sandarusi. Wazaramo waliichimba katika mchanga mwekundu, wakaipeleka pwani, nayo ikavuka bahari kwenda kuwa vanishi ya samani na magari ya farasi. Habari hiyo imesimuliwa mara nyingi kana kwamba mchimbaji alipokea tu chochote alicholetewa. Maneno ya biashara yenyewe yanashuhudia vingine.

Alichokitaka mchimbaji ni nguo. Merikebu za Salem, katika jimbo la Massachusetts, zilianza kuzoea Unguja katika miaka ya 1820, na mapatano ya biashara baina ya Marekani na Sayyid Said yakafanywa mwaka 1833. Zilileta kitambaa cha pamba kisichopaushwa, kizito, kisicho na urembo wowote. Lakini kilistahimili jasho, miiba na kufuliwa. Waingereza walijaribu kukiiga katika miaka ya 1830, na wanunuzi wakaukataa mwigo huo kwa kuwa haukudumu. Nguo iliyojazwa wanga hupendeza dukani, ikafuliwa mara moja ikabaki kama wavu, na jambo hilo halimfichiki mtu mwenye shuka moja tu. Wafanyabiashara wa Salem hawakuwa na siri kubwa: waliandika barua kwao kueleza ni nguo gani iliyotakiwa, nao wenye viwanda wakawasikiliza. Kiwanda cha Naumkeag, kilichoanza kufuma mjini humo mwaka 1847, kilipata soko lake Unguja.

Kitambaa hicho kikaitwa merekani. Jina la nchi likawa jina la ubora, na bila shaka wengi waliijua nguo kabla ya kuijua nchi. Kando yake palikuwa na kaniki, barsati, debwani na sahari, kila moja na rangi au mistari yake. Richard Burton, aliyepita bonde la Ruvu mwaka 1857 na kuwaandika Wazaramo kwa dharau nyingi, alilazimika hata hivyo kuyaorodhesha majina hayo kwa urefu, maana msafara uliochukua nguo isiyotakiwa ulikwama njiani.

Mchimbaji naye alifahamu haja ya mnunuzi wake. Sandarusi changa, isiyokaa ardhini muda wa kutosha, iliitwa chakazi. Haikufaa kwa vanishi bora, ikapelekwa Bara Hindi na China. Neno hilo lilivuka bahari pamoja na mzigo, na masikio ya Waingereza yakalisikia kuwa jina la punda dume, ndivyo lilivyoingia katika vitabu vyao vya biashara.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilikata pamba, na baadaye viwanda vya Bombay vikaishika nafasi ya Salem kwa kufuma nguo ya namna ile ile. Salem ilipoteza soko, lakini kipimo cha mnunuzi hakikubadilika: kitambaa cha Bombay nacho kiliitwa merekani. Neno hilo lingali katika kamusi za Kiswahili, likimaanisha kitambaa cha pamba kisichopaushwa, hata kikiwa kimefumwa nchi gani.