Tarishi, Mgambo na Gari Lisilo na Mafuta

Kijana aliyenibeba kwa bodaboda kutoka Mlimba kwenda Masagati aliniambia kitu ambacho kimekaa kichwani mwangu kuliko vitabu vyote nilivyosoma kabla ya safari ile. Tulikuwa tumesimama, yeye akikwangua tope kwenye madigadi kwa kijiti, mimi nikitafuta mtandao ambao haupo. Nikamuuliza, mwizi akiiba pikipiki hii, unafanyaje?

"Kuripoti ni kazi ya siku mbili, kaka," alisema. "Siku ya kwanza unakwenda. Unachukua RB. Siku ya pili unarudi. Hapo bado hujamtafuta mwizi."

Pikipiki aliyokuwa akiendesha zamani ilishaibwa. Alikwenda kituoni (sitataja kipi), akaandikiwa namba yake vizuri tu, na afande aliyempokea alikuwa na heshima. Kisha akaambiwa gari lipo, mafuta hakuna. Akapiga hesabu ya nauli aliyokwishatoa, chakula, pa kulala, hesabu ya bosi ya siku mbili ambayo bado anadaiwa, halafu na mafuta ya gari la serikali. Akaona bora arudi nyumbani akaanze upya.

Kile kipande cha karatasi chenye namba ya RB alikuwa bado nacho. Alikikunja ndani ya kava la simu.

Ni rahisi kusema hapo pana uzembe, au rushwa, tukamaliza. Mimi kazi yangu ni uandishi wa habari, na hizo habari nimeziandika, za kutosha. Lakini safari hii nilitaka kujua jambo la zamani zaidi: ni lini hasa mtu wa Masagati aliwahi kuwa na askari aliye karibu naye? Jibu lilinipeleka nyuma zaidi ya miaka mia.

Askari wa kwanza wa serikali katika bonde la Kilombero hakuja kukamata wezi. Alikaa kwenye boma la Mahenge, juu mlimani, akimtumikia Mjerumani, na kazi yake ilikuwa kulinda boma lenyewe na kuhakikisha kodi inapatikana. Tarehe 30 Agosti 1905, wapiganaji wa Maji Maji walipolivamia boma lile, ndani yake alikuwamo Kapteni von Hassel na askari wake, na upande wake alisimama Kiwanga, mtawala wa Wabena wa bondeni. Msaada ulifika mwezi Septemba kutoka Iringa. Tukio hili wanahistoria wamelieleza sana kama vita, na ni haki yao. Ila ukilitazama kwa jicho la mtu anayetafuta kituo cha polisi, unaona kitu kingine: serikali ilikuwa sehemu moja, juu, nyuma ya ukuta. Kwingine kote bondeni ilifika kwa msafara. Msafara ukiondoka, na serikali imeondoka.

Mwingereza alipochukua nchi alianzisha Jeshi la Polisi la Tanganyika, mwaka 1919, makao makuu yakiwa Lushoto. Lile neno "jeshi" si la bahati mbaya. Waingereza walikuwa na namna mbili za polisi. Ya kwanza ni ile ya London ya mwaka 1829, askari asiyebeba bunduki, anayezunguka mtaani kwa miguu na kujulikana kwa sura. Ya pili ni ile ya Ireland: askari wenye silaha, wanaoishi kambini mbali na watu, wanaopelekwa sehemu wasiyozaliwa. Makoloni yalipewa zaidi hii ya pili. Mpaka leo askari wetu anaishi kota, anahamishwa mkoa hadi mkoa, na akifika Masagati atahitaji mtu wa kumfundisha kuitikia "kamwene".

Na hata hao polisi hawakuwa wa kila mtu. Waliwekwa mijini, kwenye reli, kwenye mashamba makubwa ya walowezi, penye mali ya kulindwa kwa kipimo cha mkoloni. Vijijini palikuwa na mpango mwingine, wa bei nafuu. Gavana Donald Cameron alikuja mwaka 1925, na mwaka uliofuata sheria ya mamlaka za wenyeji ikapita. Mtemi atawale watu wake, awe na baraza lake la kuhukumu, na hazina yake inayopata fungu la kodi iliyokusanywa palepale. Humo ndimo alimotoka tarishi.

Sijui kwa nini hatujaandika riwaya hata moja yenye tarishi kama mhusika mkuu. Leo tukisema tarishi tunamfikiria mtu wa kubeba mafaili ofisini. Yule wa mtemi alikuwa mtu wa kubeba amri: akuite barazani, akusimamie mpaka ufike, akufuate kama kodi hujalipa. Anakujua. Anamjua mama yako. Anajua ni nani aliyekukopesha ng'ombe. Hakuhitaji gari wala mafuta.

Kuhusu utawala wa Wabena hawa tuna bahati ya kuwa na kitabu, *Ubena of the Rivers*, kilichotoka mwaka 1935. Wengi wanawataja tu A. T. Culwick, aliyekuwa ofisa wa serikali ya kikoloni, na mkewe G. M. Culwick. Lakini Mtema Towegale Kiwanga mwenyewe ana sura yake humo. Kuna mtawala wa bondeni aliyeandika, na jina lake likachapwa London, wakati huko tulizoea Mwafrika kuandikwa tu. Wapenzi wa fasihi wa ukurasa huu, hicho ni kitabu cha kukitafuta, japo ukisome ukiwa macho. Mtawala anayeeleza utawala wake ana sababu za kuueleza vizuri.

Kwa hiyo ninaposema tarishi alikuwa karibu, sisemi alikuwa mwema. Alikuwa karibu ili kodi isikwepeke. Katika miaka ya Vita Kuu ya Pili, serikali ilipowahamisha watu wa bonde hili na kuwakusanya kwenye makazi mapya kwa sababu ya malale, amri zilipitia mkondo uleule wa watawala wa wenyeji. Ukaribu una pande mbili, na anayelalamika leo kwamba polisi wako mbali angemsikiliza kidogo babu yake kabla ya kuomba wasogee.

Lakini kuna jambo moja la kihasibu ambalo linanisumbua. Mshahara wa yule tarishi ulitoka kwenye hazina ya palepale. Mlipa kodi wa bondeni angeweza, angalau kwa kukisia, kusema: yule namlipa mimi. Mwaka 1963 utemi ulifutwa kisheria, na kwa nchi mpya iliyotaka raia badala ya watawaliwa, sioni njia nyingine iliyokuwapo. Hazina za watemi zikaondoka. Tarishi akaondoka. Polisi hawakuongezeka kwa kasi ya kuziba pengo lile. Bajeti yao ilikuwa ya taifa tangu mwanzo, na mpaka leo ndivyo ilivyo: ukifungua kitabu cha bajeti, Jeshi la Polisi ni Fungu 28, chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Halmashauri ya Mlimba inaweza kujenga zahanati na darasa. Askari hawezi kumwajiri hata mmoja.

Nani basi alikaa pale tarishi aliposimama? Mjumbe wa nyumba kumi, kwanza. Halafu mgambo, hasa baada ya Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971. Kwa bonde la Kilombero mgambo walikuja pamoja na reli. TAZARA ilijengwa kati ya 1970 na 1975, ikapita Ifakara na Mlimba kuelekea Makambako, na nchi jirani zilizokuwa bado chini ya walowezi zilikuwa na kila sababu ya kutaka daraja moja lilipuliwe. Vijiji vilivyosogezwa kando ya reli wakati wa Operesheni Vijiji vilitarajiwa kuwa pia walinzi wake. Yaani mkulima wa mpunga alipewa kazi ya kulinda mali ya mataifa mawili, bure. Mpunga wake mwenyewe ulilindwa na nani, hilo sikulikuta limeandikwa popote.

Masagati, ambayo iko mbali na reli, haikupata hata hicho.

Baadaye likaja sungusungu. Lilizaliwa kwa Wasukuma na Wanyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 80, wananchi walipochoka na wezi wa ng'ombe, na mwaka 1989 Bunge likarekebisha sheria za mgambo ili kulipa uhalali. Serikali ilikuwa inakiri, kwa lugha ya sheria, kwamba kazi yake inafanywa na watu wengine. Tangu hapo tumekuwa na polisi jamii, ulioshamiri wakati wa Inspekta Jenerali Said Mwema, na siku hizi tuna mkaguzi wa kata, askari mmoja kwa kata, mwenye namba ya simu iliyobandikwa ofisi ya mtendaji. Mpango mzuri, nausifu bila kejeli. Ila kata ya mjini Ifakara unaizunguka kwa miguu asubuhi moja. Kata ya huku juu, kijiji na kijiji vinatenganishwa na mito na milima, na mvua za masika zikianza pikipiki inabebwa na mwenye pikipiki.

Umbali huu hata sheria inaujua. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inawapa polisi saa nne za msingi za kumhoji mtu waliyemshika. Halafu inasema muda wa kumsafirisha hauhesabiwi. Nilipokuwa chuo nilikisoma kifungu hicho kama utaratibu tu. Nilipokuwa nyuma ya ile bodaboda nilikielewa vingine: kuna watu ambao saa ya sheria inasimamishwa kwa ajili yao, wao na mgambo anayewasindikiza, mpaka barabara iishe. Na aliyepigwa panga naye anaisubiri barabara hiyohiyo, maana bila PF3 kesi yake itakuwa na tundu kubwa.

Sitaki msomaji adhani polisi hawaonekani bondeni. Wanaonekana, tena kwa wingi, wakati wa operesheni. Sehemu kubwa ya tambarare la Kilombero iliingizwa mwaka 2002 kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu kimataifa. Wafugaji wakaongezeka, wakulima wakaongezeka, mashamba yakakutana na mifugo. Mwishoni mwa 2012 serikali iliamua mifugo iondoke. Magari yalikuwapo. Mafuta yalikuwapo. Vikosi vikaja, vikaondoa, vikarudi vilikotoka. Siku zote nilikuwa nikijiuliza mbona serikali isiyo na lita kumi za kumfuata mwizi wa pikipiki ina uwezo wa kufanya jambo kubwa kiasi hicho, na jibu, nadhani, liko Mahenge mwaka 1905. Tulirithi chombo kilichotengenezwa kwa msafara. Kinajua kuja. Kukaa hakijafundishwa.

Siyo kwamba hakuna anayeliona hili. Tume ya haki jinai chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, iliyoanza kazi mwanzoni mwa 2023 na kukabidhi ripoti yake kwa Rais Samia mwezi Julai mwaka huohuo, ilipendekeza Jeshi la Polisi lifanyiwe mabadiliko makubwa. Mjadala mjini ukawa juu ya jina, liitwe jeshi au lisiitwe. Mimi napenda maneno, ndiyo maana naandika hapa, lakini nilitamani tubishane pia kuhusu Fungu 28 linavyogawanywa, na mafuta yanafika wapi yanapokatika.

Kijijini nilimkuta mzee mmoja ambaye baba yake, kwa maelezo yake, alitumikia baraza la mtemi. Nikamuuliza zamani wizi ukitokea ilikuwaje. Akacheka.

"Mwanangu, mwizi alijulikana kabla ya jogoo. Ila na wewe ukiwa hujalipa kodi, ulijulikana kabla ya jogoo."

Nikamuuliza na sasa je. Akaninyooshea mkono upande wa barabara. Palikuwa na rundo la matofali ya kuchoma, nyasi zimeota katikati yake. Wanakijiji walichangishana, wakafyatua, ili pajengwe kituo kidogo cha polisi. Mchanga walisomba wenyewe. Bado bati, saruji, na askari wa kukaa humo. Vya kwanza viwili, alisema, labda wakivuna vizuri watanunua.

Matofali ya pembeni yalishaanza kupungua. Nikauliza kama yanaibwa.

"Yanaazimwa," akasema mzee.

Kijana wangu wa bodaboda akawasha pikipiki. Mawingu yalikuwa yanashuka kutoka upande wa Njombe, na alitaka tuuvuke mto kabla ya saa kumi.