Tiketi Iliyobaki Kwenye Zipu

Saa kumi na mbili asubuhi, ukungu wa Keroka bado umelala barabarani, vijana wa boda boda wamejipanga stejini na majaketi yao wameyavaa nyuma mbele. Zipu iko mgongoni. Kifuani kuna kitambaa kizima kisichopitisha upepo. Mgeni akiwaona hucheka kidogo. Akishabebwa hadi Nyansiongo kabla jua halijachomoza, hacheki tena.

Mji huu wa Kenya uko juu, karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, kwenye barabara ya Kisii kwenda Sotik. Mpaka wa kaunti unapita humo humo mjini, na tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, Kisii na Nyamira zimekuwa zikivutana kuhusu nani akusanye ushuru wa soko. Baridi haina kaunti. Theluji hatuna, tuna mvua ya mawe, ile inayotoboa majani ya chai na kuyaacha mashamba meupe kwa muda mfupi, kisha jua linatoka na habari ya weupe inaishia hapo.

Lakini nguo za theluji tunazo tele. Chunguza majaketi ya hao vijana wa stejini. Kwenye mkono wa kushoto, karibu na kifundo cha mkono, kuna kijifuko kidogo chenye zipu yake. Ndani, kiunoni, kuna kitambaa cha ziada chenye lastiki na vifungo, kama sketi fupi iliyofichwa. Wakati mwingine, ndani ya kofia au kando ya mfuko, unapapasa kidude kigumu chembamba kisichojulikana ni cha nini. Kijifuko ni cha kadi ya kupandia lifti ya mlimani: mwenye jaketi hupita langoni na mashine huisoma kadi kwa upande wa kushoto bila yeye kuitoa. Sketi ni ya kuzuia theluji isimwingie tumboni anapoanguka. Kidude kigumu mara nyingi ni cha Recco, kampuni ya Uswidi: hakina betri, kazi yake ni kurudisha mawimbi ya kifaa cha waokoaji ili mtu aliyefukiwa na poromoko la theluji apatikane. Kijana wa Keroka huweka sarafu za chenji katika kijifuko cha kadi. Sketi ameitoa kwa fundi, akaitumia kufutia pikipiki. Kidude cha kumtafutia maiti yake thelujini hakijui, na hakimsumbui.

Majaketi haya hutujia kwa njia ya mitumba. Beli linafunguliwa, na wanaolizunguka wana macho makali kuliko mahakimu. Nguo ya daraja la juu, isiyo na doa wala mpasuko, huitwa kamera. Ya mwisho kabisa, inayorushwa chini na kuuzwa kwa bei ya kutupa, ni fagia. Mwaka 2020, serikali ilipozuia uingizaji wa mitumba kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Agosti kwa hofu ya korona, ndipo wengi wetu tulipotambua kwamba hatukuwa na mahali pengine pa kununua baridi yetu. Namaanisha kinga ya baridi, ingawa hata kosa hilo la ulimi lina ukweli wake.

Mama mmoja anayeuza majaketi pale sokoni aliwahi kunishikia moja la bluu iliyoiva. "Tata, hili lilikuwa linakungoja wewe tu," aliniambia. Kwa Ekegusii tata ndiye baba. Neno baba kwetu ni mama, kwa hiyo asiyejua lugha asije akadhani nilitukanwa siku nyingine alipompokea mke wangu kwa heshima zote akimwita baba. Nikamuuliza kwa nini bluu. Akanipima kwa macho kuanzia viatuni. "Mwalimu hawezi kuvaa lile la pinki na kijani. Watoto watakusahihisha wewe."

Hapo ndipo nilipoanza kuwafikiria wenye majaketi wa kwanza. Kwa nini mtu mzima, pengine wakili au daktari, alinunua jaketi la pinki na kijani linalong'aa kama taa ya matatu?

Jibu la haraka ni usalama: juu ya theluji nyeupe, rangi kali huonekana mbali. Jibu hilo lina ukweli, lakini halitoshi. Watu waliteleza kwa skii miaka mingi wakiwa wamevaa sufu na gabadini za rangi za udongo, na hawakupotea wote. Klaus Obermeyer, mwalimu wa kuteleza mzaliwa wa Ujerumani, alifika Aspen, Marekani, mwaka 1947, akaona wanafunzi wake wanashindwa kuendelea na masomo kwa baridi. Akakata mfarishi wake wa manyoya akajishonea jaketi. Hilo lilikuwa jaketi la shida, ndugu kabisa wa majaketi ya stejini kwetu. Lakini miaka michache baadaye, mjini Munich, Maria Bogner alikuwa anashona suruali za kitambaa kinachovutika zilizobana mguu kama ngozi ya pili, na wanawake waliozivaa hawakuwa wanakimbia baridi. Mume wake, Willy Bogner, ndiye aliyekula kiapo kwa niaba ya wanamichezo katika Olimpiki ya majira ya baridi ya 1936. Nguo za nyumba yao zilikuja kujulikana kwa herufi B iliyoning'inia kwenye zipu. Kule mlimani B hiyo inamwambia mwenzako bei bila wewe kufungua kinywa. Niliwahi kuiona kwenye jaketi moja Keroka. Muuzaji alinieleza kwa uhakika kwamba B ni ukubwa wa kati.

Jambo lililonishangaza zaidi ni lile la viraka. Katika miji ya kuteleza, wale wanaojiona kuwa ni wenyeji wa mlima humdharau mwenye nguo mpya zinazolingana kuanzia kofia hadi viatu. Wao huvaa jaketi lililochakaa, glavu zilizozungushiwa utepe wa gundi wa fundi bomba, suruali yenye mpasuko uliozibwa kwa utepe huo huo. Kila kiraka kinasimulia: nimeanguka mara nyingi, nimeamka mara nyingi, nimekuwa hapa kabla yako. Jipya ni aibu. Chakavu ni cheti.

Mpelekee mama wa sokoni hoja hiyo uone atakavyokutazama. Keroka jaketi linafuliwa, linapigwa pasi ikiwezekana (na baadhi ya hivyo vitambaa havipendi pasi, tumejifunza kwa kuunguza), zipu iliyokufa inabadilishwa na fundi wa cherehani pale varandani, na kiraka kikiwa hakiepukiki kinashonwa kwa ndani, kwa uzi wa rangi ile ile, kisionekane. Mchumaji chai aliyevaa jaketi lililofungwa kwa utepe wa gundi haambiwi kuwa ana uzoefu. Anahurumiwa, au anasemwa. Tofauti haiko katika utepe. Yule wa Aspen anaweza kuvaa matambara kwa sababu hakuna anayewaza kwamba ameshindwa kununua jingine. Uchakavu ni anasa ya mtu ambaye hashukiwi umaskini, na ndiyo maana sikubaliani na wanaosema watu wetu wanapenda kujionyesha kwa kung'arisha mitumba. Wanajibu swali ambalo yule wa mlimani hajawahi kuulizwa.

Sindano yenyewe hubadilika maana njiani. Kwetu fundi akipunguza kiuno au kuongeza kitambaa mabegani, ametengeneza nguo. Katika mbio za theluji, mshono ni jambo la sheria. Suti ya mbio za kuteremka lazima ipitishe angalau lita 30 za hewa kwa kila mita ya mraba kwa sekunde moja, maana kitambaa kisichopitisha hewa kingempa mtu kasi asiyoistahili. Machi 2025, katika mashindano ya dunia ya Trondheim, Norway, warukaji wawili wa skii wa timu ya nyumbani waliondolewa kwenye matokeo, mmoja wao akiwa ameshika nafasi ya pili, kwa sababu suti zao zilikuwa zimeongezewa uzi mgumu kwenye mshono wa msamba ili zishike upepo vizuri wakiwa hewani. Nikamsimulia fundi wangu. Akauliza kama yule aliyeshona alilipwa.

Wakenya nao wamewahi kuzivaa nguo hizi mahali pake. Philip Boit, mkimbiaji kutoka upande wa Eldoret, alipelekwa Finland mwaka 1996 kujifunza skii kwa udhamini wa Nike, na Februari 1998 akashindana Nagano katika kilomita 10. Alimaliza wa mwisho, kama dakika 20 nyuma ya mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, ambaye alibaki mstarini kumngoja na kumkumbatia. Boit akampa mwanawe jina la Dæhlie. Wapo waliosema wakati ule kwamba yeye alikuwa tangazo la biashara lenye miguu, na ni kweli kampuni ya viatu haikumpeleka kwa sadaka. Lakini tangazo halirudi tena. Boit alirudi katika Olimpiki ya 2002 na ya 2006. Sabrina Simader, aliyezaliwa Kenya mwaka 1998 na kulelewa Austria, alishindana Pyeongchang 2018 katika mbio za kuteremka kwa kasi, naye alikuwa mtelezaji kama watelezaji wengine, katika suti iliyobana.

Kwame Nkrumah-Acheampong wa Ghana alichagua njia nyingine. Alianza kuteleza kwenye mteremko wa ndani wa Milton Keynes, Uingereza, alikokuwa akifanya kazi, na alipofika Vancouver 2010 alikuwa maarufu kwa suti ya madoa ya chui na jina la Chui wa Theluji. Miaka minne baadaye, Sochi, Hubertus von Hohenlohe, mwana wa ukoo wa kifalme wa Ulaya aliyeiwakilisha Mexico, aliteremka katika suti iliyochorwa kama vazi la wanamuziki wa mariachi. Dunia iliwapenda wote wawili. Mimi yule wa Mexico alinichekesha, na chui alinifanya nijikune kichwa. Asiyeweza kushinda kwa saa hushinda kwa macho, hilo naelewa. Ila Mzungu mwenye jina refu akivaa mariachi anacheza, na Mwafrika akivaa chui kuna watazamaji wanaodhani amekuja na ngozi yake ya kila siku. Nguo ni moja kwa aliyeivaa na nyingine kwa anayeiangalia. Kwame alijua hilo, nadhani, akaamua kuwatangulia.

Mteremko ninaoutamani mimi uko Lesotho. Kule Afriski, katika milima ya Maluti, zaidi ya mita 3,000 juu, watu huteleza kati ya Juni na Agosti, na miongoni mwa majaketi ya kila rangi utawaona Wasotho waliojifunga blanketi za sufu. Blanketi hizo zilitoka kwa wafanyabiashara wa Kizungu katika karne ya 19. Mfalme Moshoeshoe wa Kwanza alipewa moja mwaka 1860, na tangu hapo watu wake wamezifanya zao kiasi kwamba hakuna anayeziita za kigeni. Zinafumwa Afrika Kusini hadi leo. Zina sarufi: mistari ile myembamba huvaliwa ikiwa wima, kwa maana ya kukua, na kuna blanketi za arusi, za uzazi, za kumpeleka kijana jandoni. Mtu hachagui rangi kwa kuwa inampendeza tu. Mwaka 2017 Louis Vuitton walipotoa mashati ya mtindo huo, Wasotho wengi walilalamika, na nadhani hawakulalamikia nakala. Walilalamikia sentensi iliyonukuliwa bila aliyeisema.

Nasi Abagusii tulikuwa na sarufi yetu. Mwanamke aliyekamilishiwa ndoa kwa sherehe ya enyangi alivishwa ebitinge, pete za chuma miguuni, na hatua zake zilisikika kabla hajaonekana. Hakuwa na haja ya mtu kumuuliza yeye ni nani. Ebitinge leo utaziona katika ngoma za maonyesho na kwenye makabati ya makumbusho. Katika nafasi zake tumepata beli la mitumba, ambalo halina sarufi yoyote, kila nguo imetengwa na mwenyewe na hadithi yake, na kila mtu analazimika kutunga maana yake upya kila anapoinama kwenye lundo. Wengine huona hasara tupu hapo. Mimi nikimtazama kijana anayechambua majaketi ishirini, akiweka kando lenye joto zaidi kwa sababu rangi yake haipatani na pikipiki yake, siwezi kusema hana mila. Mila yake ina haraka tu.

Lile la bluu nililinunua. Wakati mama analikunja niliona kitu kwenye zipu: kiwaya chembamba, na juu yake kipande cha karatasi ngumu kilichofifia, chenye tarehe ya Februari na picha ya mlima. Tiketi ya lifti. Kule, ingawa sasa wengi wanatumia kadi, wapo wanaoziacha tiketi za karatasi ziendelee kuning'inia msimu mzima, moja juu ya nyingine, ili kwenye foleni wenzao waone walikokwenda.

Mama akachukua makasi. Kijana aliyesimama nyuma yangu, mwenye zamu yake ya boda boda inayomngoja, akamwahi mkono.

"Baba, usikate. Hiyo ndiyo inaonyesha ni ya majuu."

Mama akanitazama kuniuliza. Nikamwambia aiache.