Mvinyo wa Ugogoni

Anayefika Dodoma msimu wa mavuno huona beseni za zabibu nyeusi kando ya barabara, bado zina vumbi la shamba. Hadithi ya zabibu hizi ilianzia Bihawana, hapohapo Dodoma, ambako wamisionari Wakatoliki kutoka Italia walipanda mizabibu katika miaka ya 1950. Walihitaji divai ya misa.

Nchi hii ya Wagogo, yenye jua kali, mvua chache na ukame wa mara kwa mara, mtu angeweza kudhani haifai kwa mizabibu. Kumbe jua hilohilo ndilo liliifaa mizabibu: hapa huvunwa mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo mkulima wa Ufaransa halijui.

Baadaye kiwanda cha umma, DOWICO, kilisindika mvinyo hadi kikafa, na wakulima wengi wakaachwa bila soko. Uchungu huo haustahili kusahauliwa. Viwanda binafsi vilikuja baadaye, kimoja Hombolo, na hadi leo wakulima hukamua wenyewe wakauza “mchuzi wa zabibu”.

Mgeni hunywa mvinyo wa hapa na nyama choma ya mbuzi, chumvi na pilipili pembeni. Wenyeji wana ugali wa uwele na mlenda, unaovutika kidoleni kabla haujafika mdomoni.