Alp Si Kilele: Historia ya Maneno ya Milima na Funzo Lake kwa Wafasiri

Katika tafsiri moja tuliyoletewa tuipitie, ilielezwa kwamba kila mwaka, kiangazi kinapoanza, wanakijiji wa Uswisi huwapandisha ng'ombe wao "kileleni" na kuwaacha huko mpaka Septemba. Msomaji makini hana budi kujiuliza ng'ombe hao hula nini juu ya mawe na theluji. Kosa hilo halikuwa la sarufi, kwani sentensi ilikuwa safi. Neno lililofasiriwa lilikuwa "Alp", naye mfasiri, akiikumbuka milima mashuhuri ya Alpi, alidhani kwamba Alp moja ni kilele kimoja. Kumbe katika lugha ya wenyeji Alp ni malisho.

Kusudi letu katika makala haya ni kuifuata historia ya maneno machache ya milima hiyo tangu yalipokuwa ya wachungaji, yakachukuliwa na wataalamu, kisha yakapita mikononi mwa wageni waliokuja kupanda milima na kuteleza juu ya theluji. Tunaamini kuwa historia hiyo ina funzo kwa kila mtu anayeunda au kufasiri istilahi za Kiswahili, hata kama hatakanyaga theluji maisha yake yote.

Malisho kabla ya vilele

Milima ya Alpi imejipinda kama upinde kutoka karibu na bahari ya Mediterania, mpakani mwa Ufaransa na Italia, hadi Austria na Slovenia. Warumi wa kale waliijua kwa jina la Alpes. Lakini kwa mkulima wa Uswisi asemaye Kijerumani, Alp ni malisho ya juu yatumiwayo wakati wa kiangazi. Mwenzake wa Austria huyaita "Alm". Mwaka wa mkulima huyo uligawanyika kwa kadiri ya kimo cha ardhi. Wakati wa baridi alikaa kijijini, mifugo ikila majani makavu yaliyowekwa akiba. Theluji ilipoanza kuyeyuka alipanda mpaka "Maiensäss", yaani makao ya mwezi wa Mei. Mnamo Juni alipanda tena hadi kwenye Alp, na huko maziwa yaligeuzwa kuwa jibini, kwa sababu jibini hukaa na hubebeka, hali maziwa huharibika upesi. Majani yalipokwisha, wote walishuka.

Mahali pengi Alp haikuwa mali ya mtu mmoja bali ya jumuiya, na idadi ya ng'ombe ambao kila mwenye haki angeweza kuwapeleka huko ilitawaliwa na kanuni. Kwa hiyo neno hili ni la jiografia, ni la ufugaji, na tena ni la sheria. Mwenye kulifasiri kuwa "kilele" hakukosea umbo la mlima tu, bali pia ameifuta haki ya watu juu ya ardhi yao.

Hata majina ya milima yenyewe yanaonyesha kwamba mwenyeji aliitazama kutoka mahali alipofanyia kazi. Kijiji cha Zermatt maana yake ni "penye uwanda wa majani". Mlima mkubwa unaosimama juu yake, wenye kimo cha mita 4,478, huitwa Matterhorn, yaani pembe ya uwanda huo. Katika bonde la Chamonix, Ufaransa, kuna kilele kiitwacho Aiguille du Midi, "Sindano ya Adhuhuri", kwa kuwa mtu aliye bondeni huliona jua likiwa juu yake wakati wa mchana. Mapito ya juu kati ya milima nayo yalipewa majina ya vitu vya nyumbani: Wafaransa husema "col", neno litokanalo na shingo, Wajerumani husema "Joch", yaani nira, au "Sattel", yaani tandiko. Shingo, nira, tandiko, pembe na sindano ni maneno ya watu walioishi na wanyama na vyombo, wala hayakutungwa ofisini.

Wataalamu waliouliza

Katika karne ya 18 wasomi walianza kuijia milima hiyo. Mwaka 1741 Waingereza wawili, William Windham na Richard Pococke, walifika Chamonix kuyatazama mabarafu. Windham aliufananisha uso wa barafu aliouona na maji yaliyochafuka kwa upepo kisha yakaganda ghafula; kutokana na mfano huo likaja jina la Mer de Glace, "Bahari ya Barafu". Hilo ni jina la mgeni, na bahari yenyewe i mbali na bonde lile.

Horace-Bénédict de Saussure, mtaalamu wa Geneva, alifuata njia nyingine. Mwaka 1760 aliahidi zawadi kwa mtu atakayegundua njia ya kufika juu ya Mont Blanc, mlima ambao zamani wenyeji waliuita Mlima Uliolaaniwa. Tarehe 8 Agosti 1786 daktari Michel-Gabriel Paccard na Jacques Balmat, wote wenyeji wa Chamonix, walifika kileleni, na Saussure mwenyewe akafika mwaka uliofuata. Lakini kwa sisi wanaistilahi, jambo kubwa zaidi ni kwamba alipoyaandika aliyoyaona, katika kitabu kilichoanza kutolewa mwaka 1779, hakuona haya kutumia maneno ya wakulima. Neno "moraine", maana yake lundo la mawe na udongo lililosukumwa na barafu, lilikuwa neno la watu wa Savoie kabla halijaingia katika elimu ya dunia nzima. "Glacier" na "avalanche" nayo yalipanda kutoka katika lahaja za mabonde hayo hadi katika Kifaransa cha vitabuni. Mwanafunzi wa leo huyaona kuwa maneno ya kitaalamu, kumbe yalizaliwa vinywani mwa wachungaji.

Liko pia neno "Firn", litumiwalo kwa theluji kuukuu ambayo haijawa barafu. Asili yake ni neno lenye maana ya mwaka uliopita: theluji ya mwaka jana. Nao upepo wa joto na ukavu unaoshuka milimani na kuyeyusha theluji upesi huitwa "Föhn". Mnamo Mei 1861 upepo huo uliuchochea moto ulioteketeza sehemu kubwa ya mji wa Glarus. Mfasiri ataandika nini? Akisema "upepo wa kusini", atakuwa ametaja upande na kuiacha tabia. Nasi tusingependa mgeni aifanye kusi ya mabaharia wetu kuwa upepo wowote utokao kusini, kwa kuwa kusi ni majira, ni safari, na ni riziki. Upepo wenye jina lake uachiwe jina lake, kisha uelezwe.

Wageni wa kiangazi na wa baridi

Baada ya wataalamu walikuja wapandaji. Mwaka 1820 viongozi watatu wa Chamonix walikufa katika poromoko la theluji juu ya Mont Blanc walipokuwa wakiongoza msafara wa wageni, na mwaka 1821 viongozi wa bonde hilo wakaunda chama chao. Tarehe 14 Julai 1865 watu saba, akiwamo Mwingereza Edward Whymper, walikuwa wa kwanza kukanyaga kilele cha Matterhorn. Wanne walianguka na kufa wakati wa kushuka. Habari hiyo ilivuma Ulaya nzima, na Zermatt ikawa jina la kilele kuliko jina la malisho.

Majira ya baridi yaliendelea kuwa wakati wa utulivu. Husimuliwa kwamba mwaka 1864 Johannes Badrutt, mwenye hoteli huko St. Moritz, aliwekeana nadhiri na wageni wake Waingereza kwamba wakija wakati wa baridi watafurahia jua. Lakini chombo kilichobadili majira hayo hakikuwa cha Alpi. Skii zilitoka kaskazini, hasa Norwe, na jina lake limetokana na neno la kale lenye maana ya kipande cha ubao uliopasuliwa. Mwaka 1894 mwandishi Arthur Conan Doyle, pamoja na ndugu wawili wa ukoo wa Branger, alivuka kwa skii kutoka Davos hadi Arosa, akatabiri kuwa siku moja Waingereza watamiminika Uswisi kwa ajili ya mchezo huo. Utabiri huo ulitimia. Mwaka 1924 Chamonix ilikuwa mahali pa michezo ya kwanza ya Olimpiki ya majira ya baridi, na mwaka 1934 mtambo wa kamba wa kuwavuta watelezaji hadi juu, uliobuniwa na mhandisi Ernst Constam, ulianza kazi Davos.

Hapo ndipo maneno yalipogeuka. Mteremko uleule ambao kiangazi ni malisho, wakati wa baridi ukawa uwanja wa michezo. Katika vitabu vya watalii neno la ng'ombe na jibini likawa picha ya kilele cheupe. Mfasiri wetu aliyeandika "kileleni" hakuanzisha kosa hilo, bali alilirithi.

Barafu, theluji na "baridi"

Uhusiano wa Alpi na milima yetu si wa kubuni. Ludwig Purtscheller, aliyefika pamoja na Hans Meyer kileleni mwa Kibo mnamo Oktoba 1889, alikuwa mzaliwa wa Innsbruck, mji uliozungukwa na Alpi. Lakini miaka 41 kabla yao, tarehe 11 Mei 1848, mmisionari Johannes Rebmann aliuona weupe juu ya Kilimanjaro. Ameandika kwamba kiongozi wake aliuita weupe ule "baridi" tu. Rebmann alitambua kuwa ni theluji, ingawa huko London mwanajiografia W. D. Cooley alikataa kumsadiki. Tukio hilo lina maana kwetu. Mtu wa msafara alitaja kile ambacho mwili ungekihisi. Hakuwa mjinga, alikosa neno, akatumia lililokuwa karibu naye.

Leo tunayo maneno mawili, yote ya kupokea. Theluji imetoka katika Kiarabu. Barafu asili yake ni Kiajemi, na katika Kiajemi neno hilo maana yake ni theluji, wala si maji yaliyoganda yakawa magumu. Kiswahili kimeyagawia kazi: theluji ni ile inyeshayo na kutanda, barafu ni ile iliyokuwa ngumu. Mgawanyo huu ni mzuri, nasi hatuna budi kuulinda. Kwa hiyo "Gletscher" ni mto wa barafu, au barafuto kama wasemavyo baadhi ya waandishi, wala si mto wa theluji. "Lawine", ambalo shina lake la Kilatini lina maana ya kuteleza na kuporomoka, ni poromoko la theluji. Na kwa kuwa katika Kiswahili mtu huteleza bila kukusudia, yafaa tuseme "kuteleza kwa skii", ili chombo kiionyeshe nia.

Neno na uhai

Huenda baadhi ya wasomaji wakasema kwamba haya ni mambo ya anasa. Sivyo. Nchi za Alpi zilikuwa na vipimo mbalimbali vya kutangazia hatari ya maporomoko ya theluji, mpaka mwaka 1993 zilipokubaliana juu ya kipimo kimoja cha daraja tano, ili Mfaransa, Mwitalia na Mwaustria waelewe onyo moja. Daraja la tatu kwa Kijerumani huitwa "erheblich", maana yake hatari ya kuangaliwa sana, na sehemu kubwa ya vifo hutokea katika daraja hilo. Mfasiri akiliita "wastani", kwa sababu tu limekaa katikati, ameligeuza onyo kuwa ruhusa. Sisi tungependekeza hatari ndogo, ya kadiri, nzito, kubwa, na kubwa mno. Tarehe 28 Mei 2025 barafu na miamba viliporomoka na kukifukia kijiji cha Blatten nchini Uswisi. Wakazi wake wapatao 300 walikuwa wamekwisha kuhamishwa siku chache kabla. Onyo lilieleweka, na likatiiwa.

Tena, mito hiyo ya barafu inapungua. Katika miaka ya 2022 na 2023 peke yake Uswisi ilipoteza kiasi cha sehemu moja ya kumi ya barafu yake, na barafu ya Kibo nayo imekuwa ikipungua kwa zaidi ya karne moja. Vitu vinapotoweka, majina yake huhitaji kuandikwa mapema, maadamu wapo wanaoyajua.

Funzo basi ni hili. Kabla ya kuunda istilahi, tumwulize anayefanya kazi mahali pale: mchungaji, mpagazi, mvuvi, mkulima wa kihamba. Saussure aliuliza, na maneno ya wakulima yakawa maneno ya dunia. Waliokuja baadaye hawakuuliza, na malisho yakawa kilele. Nasi tunao ugonjwa huohuo: mara ngapi hati ya ofisini imeita "pori tupu" mahali ambapo mfugaji hupaita malisho ya kiangazi, na kupajua kwa jina? Kalamu ya mfasiri na ya karani inaweza kuwaondoa ng'ombe mahali pao kabla mtu yeyote hajafika kuwafukuza. Ni wajibu wetu kuhakikisha kwamba neno tunaloliandika linawaacha pale walipo.